Gurudumu la mbele linacheza: ninunue spea gani?

Barua nyingi za safari hii zimetoka pwani ya kaskazini, kuanzia Watamu hadi Mokowe, na karibu zote zaulizia gurudumu la mbele lililolegea kwenye gari lenye umri. Magari ya huku hula chumvi mwaka mzima, kisha yakapelekwa mbio kwenye changarawe ya Marafa na mchanga wa Mambrui, basi si ajabu. La kusikitisha ni spea nzima zinazotolewa na kutupwa kwa kubahatisha. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mengine yote yanalitegemea.

SWALI: Nina Toyota Corolla 110. Mbele kulia panagonga nikipita matuta polepole, na usukani unatetemeka kidogo kwa mwendo wowote. Fundi wa kwanza alisema beringi. Wa pili akasema boljointi. Wa tatu akasema tairodi endi, na akaongeza kwamba hata tairi libadilishwe. Nimsikize nani?
Mwenye Corolla, Barani, Malindi

JIBU: Usimsikize yeyote mpaka mmoja wao ainue gari mbele ya macho yako na akuonyeshe panapocheza. Vitu vyote walivyotaja (boljointi ni kiungo cha duara kinachobeba gurudumu, tairodi endi ni kiungo cha ncha ya fimbo ya usukani) huharibika kweli, na ukiwa umekaa kitini vyote hulia sauti zinazokaribiana. Tofauti huonekana gurudumu likiwa hewani, na kazi hiyo haizidi nusu saa.

Egesha pahali pagumu na tambarare. Kama ua wako ni wa mchanga, weka chini ya jeki ubao mpana wa unene wa sentimita tano hivi, la sivyo jeki itazama upande mmoja na gari litakuangukia. Vuta breki ya mkono, tia gia, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kabla ya kuinua chochote, kaza nati nne za gurudumu kwa spana ya 21. Watu hubadilisha beringi na kumbe nati ndizo zilizolegea! Zikikubali kuzunguka hata robo mzunguko, huenda umeshapata jibu. Endesha kidogo uone kama kelele imekwisha.

Inua upande wa kulia pekee, weka stendi ya chuma chini ya bodi, na uache gurudumu lining'inie. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu atakayeingiza kichwa chini ya gari. Upande wa kushoto ubaki ardhini makusudi: gurudumu la kushoto hushika usukani usisogee, na hapo mchezo wa tairodi hujitokeza wazi. Ukiinua yote mawili, usukani wote utatembea nawe utadhani kila kitu kimekufa.

Sasa shika tairi kwa mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, pale saa ingeonyesha kumi na mbili na sita. Sukuma juu huku ukivuta chini, kisha geuza. Fanya kwa mikato mifupi na usikize. Gurudumu la Corolla lisilo na kasoro halipaswi kugonga hata kidogo. Kiwango cha juu cha mchezo kinachoruhusiwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya Corolla za miaka hiyo, kikipimwa kwa geji yenye mshale kama wa saa, ni milimita 0.05; kitu hicho mkono hausikii. Ukisikia "tok" mkononi, basi umeshavuka mpaka mbali.

Hapa ndipo msaidizi anapohitajika. Akae ndani, akanyage breki kwa nguvu na aishikilie. Wewe rudia kusukuma na kuvuta palepale. Mchezo ukifa kabisa, ni beringi. Sababu ni hii: breki ikishika, pedi hubana diski, na kalipa inayobeba pedi imefungwa kwa bolti kwenye kile chuma kinachobeba beringi, kiitwacho nyumba ya beringi. Kwa hivyo diski, habu na chuma hicho vimekuwa kitu kimoja, na beringi iliyo kati yao haipati nafasi ya kutikisika. Mchezo ukibaki vilevile breki ikiwa imekanyagwa, iache beringi ya watu. Tafuta nyuma yake: boljointi ya chini, bushi za mkono wa chini (kile chuma kinachounganisha gurudumu na bodi), bolti mbili zinazofunga shoku kwenye nyumba ya beringi, au fimbo ya shoku yenyewe inayocheza ndani ya mrija wake.

Hamisha mikono uishike tairi kushoto na kulia, saa tisa na saa tatu, na utikise vilevile. Mchezo ukiwa hapa tu na juu-chini hakuna kitu, ni tairodi endi au kiungo cha ndani ya reki, ule mtambo wa usukani. Mwambie msaidizi atikise, wewe uweke vidole vyako vikumbatie tairodi endi, kimoja juu ya chuma cha kikombe na kingine kwenye mkono wa chuma inapoingia. Ikiwa mbovu, utahisi vipande viwili vikiachana chini ya vidole. Ikiwa imetulia na mchezo bado upo, minya ule mpira wenye mikunjo unaofunika mwisho wa reki, ushike fimbo iliyo ndani. Kiungo cha ndani kikiwa kimeliwa utakihisi kikigonga humo. Mchezo ukiwa sawa pande zote nne na ukafa kwa breki, rudi kwenye beringi.

Boljointi ina kipimo chake zaidi, kwa sababu inaweza kujificha. Tia mtaimbo chini ya tairi, uinue na kushusha taratibu huku mwenzako akimulika kwa tochi kati ya mkono wa chini na nyumba ya beringi. Pengo likifunguka na kufumba hapo, boljointi imekwisha. Kwa Corolla hii imeshikwa kwenye mkono kwa bolti moja na nati mbili, kwa hivyo hubadilishwa bila kununua mkono mzima. Angalia pia mpira wake. Uliopasuka na wenye mchanga ndani hauna maisha marefu hata kama leo haijacheza. Na hii ndiyo spea ambayo haisubiri mwisho wa mwezi: boljointi ya chini ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari na usukani hauna kazi tena.

Sasa turudi kwenye kelele yako. Umesema pagonga kwenye matuta polepole. Kama baada ya vipimo vyote hivi gurudumu limetulia kimya, basi kinachogonga si gurudumu. Tikisa kwa mkono linki ya stabilaiza, ile fimbo nyembamba yenye vifundo viwili, kisha mwambie mtu azungushe usukani gari likiwa limesimama, nawe uweke kiganja juu ya springi. Springi ikiruka kwa mshtuko, ni kiti cha juu cha shoku. Hivi viwili husababisha lawama nyingi kwa beringi zisizo na hatia. Tairi lako tungeliacha mpaka mengine yakamilike.

SWALI: Gari langu ni Starlet. Fundi alitoa kifuniko cha katikati, akakaza nati kubwa, mchezo ukapungua. Baada ya siku chache umerudi. Je, nimwambie akaze zaidi, au atie washa?
Mama mwenye duka, Watamu

JIBU: La, mama, na washa asitie. Kuna beringi za aina mbili na fundi wako amezichanganya.

Magari ambayo injini haivuti magurudumu ya mbele, kama Hiace na pikapu nyingi za zamani, yana beringi mbili za koni kila upande. Hizo hurekebishwa kwa nati, ndivyo zilivyoundwa. Gari lako huvuta kwa mbele. Beringi yake ni moja pana, imeshindiliwa kwa presi (mashine ya kukandamiza), na nafasi iliyo ndani yake iliamuliwa kiwandani. Nati kubwa kazi yake ni kubana nusu mbili za ringi ya ndani zikutane. Zikishakutana, ukikaza zaidi hakuna kinachosogea isipokuwa nyuzi za draivushafti, fimbo inayozungusha gurudumu, kunyooka na kuharibika.

Kwa Corolla za miaka ya 90 nati hiyo, ya spana ya 30, hukazwa kwa nyutoni-mita 216, ambazo ni kama uzito wa kilo 44 ukining'inia kwenye ncha ya bomba la nusu mita. Ya gari lako ifuatwe kwenye kitabu chake. Kama fundi aliikuta imelegea, uliza ni nani aliyefungua mara ya mwisho, labda wakati wa kubadilisha mpira wa draivushafti. Nati ikilegea, ringi za ndani huachana, mipira ya chuma iliyo ndani ya beringi hukimbia pembeni mwa njia yake, na beringi huanza kufa ndani ya safari chache. Kukaza baadaye hakuifufui.

Itabidi ibadilishwe, na hapo mahali pa kuwa mkali ni namna ya kuiingiza. Nyumba ya beringi ivuliwe yote ikapelekwe kwenye presi. Kuna fundi atakayetaka kuigonga kwa nyundo na kipande cha bomba gari likiwa palepale. Mkatalie. Beringi ikiingizwa kwenye nyumba, nguvu ipite kwenye ringi ya nje. Habu ikiingizwa ndani ya beringi, ringi ya ndani ishikiliwe kwa chini. Nguvu ikipitia kwenye mipira, kila mpira huacha alama ndogo kwenye njia yake, na beringi mpya itaanza kuvuma kabla hujafika Gede.

Mambo mengine matatu kwenye kazi hii. Habu ikitolewa, mara nyingi nusu ya ringi ya ndani hubaki imeng'ang'ania juu yake; ikatwe kwa uangalifu bila grainda kuchora habu. Pale ringi inapokaa pakiwa pamechimbika au ringi mpya ikaingia kwa kusukumwa na kidole, habu nayo imekwisha. Ringi ya kufungia irudishwe kwenye mfereji wake, na mfereji usafishwe kutu kwanza, kwa sababu isipokaa sawasawa beringi husogea. Kwa magari mapya zaidi yenye ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge), baadhi ya beringi zina ukingo wenye sumaku, na ukingo huo uelekee kwenye sensa. Zikigeuzwa, taa ya ABS huwaka.

Na tafadhali, gari lisisukumwe hata hatua moja likiwa juu ya magurudumu yake bila nati hiyo kukazwa. Fundi hufanya hivyo akitaka nafasi ya gari jingine uani, na uzito wa gari huachanisha beringi ambayo ndiyo kwanza umeinunua.

SWALI: Naendesha Hiace ya zamani, Gongoni kwenda Malindi. Beringi za mbele nimezibadilisha mara mbili na zinaungua. Zina tatizo gani?
Dereva, Gongoni

JIBU: Ndugu dereva, beringi za koni huungua kwa mambo matatu: kukazwa kupita kiasi, grisi mbaya, na maji. Safari zako zapita karibu na mashamba ya chumvi, kwa hivyo tuseme maji yenye chumvi.

Anza na sili ya ndani, ule mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie. Hiyo hubadilishwa kila habu inapofunguliwa, hata ikionekana nzima, na mdomo wake uelekee ndani kwenye beringi. Pia pangusa kile kiti cha sili kwenye spindo, ekseli fupi ambayo habu huzungukia. Kikiwa na mfereji ambao ukucha unakwama, sili mpya haitazuia kitu.

Beringi mpya huja na kikombe chake, yaani ringi ya nje. Kikombe cha zamani kilichobaki ndani ya habu kitolewe pia, maana kimeshachukua umbo la roli, vile vyuma vinavyobingirika ndani ya beringi, zilizokufa. Cha kuingia kigongwe kwa kipande cha shaba au kwa kikombe cha zamani kilichochongwa, pande zote kwa zamu, mpaka sauti ibadilike kutoka "pwa" hadi "ting". Sauti hiyo ndiyo inayosema kimekaa chini.

Grisi iwe ya lithiamu namba 2 inayostahimili joto. Isichanganywe na iliyokuwamo. Habu ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe. Usipulizie beringi hewa ya kompresa hadi ikazunguka kwa kasi. Tia bonge la grisi kwenye kiganja cha kushoto, shika beringi kwa mkono wa kulia, upande mpana ukitazama kiganja, uikwaruze kwenye ukingo wa bonge kwa nguvu. Grisi huingia chini na kutokea juu kati ya roli, kama nyuzi. Geuza kidogo, rudia, mpaka umezunguka yote. Waliopaka nje tu kwa kidole ndio wanaorudi baada ya wiki. Ndani ya habu jaza theluthi moja hadi nusu ya nafasi. Ukijaza yote, grisi hupata joto, hutanuka na kufukuza sili.

Kukaza sasa. Zungusha habu kwa mkono huku ukikaza nati hadi takriban nyutoni-mita 35, ambayo ni mkazo wa kadiri tu. Izungushe habu kushoto na kulia mara mbili tatu ili roli zijipange. Legeza nati mpaka izunguke kwa vidole, kisha uikaze tena kwa mkono ulioshika soketi bila mpini. Habu izunguke laini, na ukiisukuma ndani-nje usisikie kugonga. Tia kofia ya kufungia na kotapini mpya, ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isifunguke. Tundu lisipolingana, sogeza nati kwa kiasi kidogo kabisa kinachotosha. Kotapini ya zamani au kipande cha waya wa ua havifai hapa. Nati ikifunguka, gurudumu hutangulia mbele ya gari.

Safiri kilomita kumi na tano bila kupiga breki za ghafula, simama, gusa katikati ya habu kwa haraka, usiguse diski. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto usioweza kuugusa, umekaza mno. Na ukipita maji ya kina, kama wakati Tana inapofurika kule Garsen, jua kwamba habu moto ikizama, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Grisi iliyogeuka rangi ya maziwa itolewe yote.

SWALI: Nimenunua rimu za aloi za mitumba kwa ajili ya Corolla. Kila nikitoka nasikia tiki-tiki mbele, nati zimelegea. Nimezikaza kwa mguu kabisa lakini bado.
Kijana wa Shela, Malindi

JIBU: Mguu wako ndio sehemu ya shida. Nati za Corolla hukazwa kwa nyutoni-mita 103. Spana ya sentimita 30 ikibonyezwa kwa uzito wa kilo 35 hutoa kiasi hicho hasa. Mtu wa kilo 75 akisimama juu yake anatoa zaidi ya mara mbili, na bolti huvutika. Bolti iliyovutika haina tena mvuto wa kushikilia nati, kwa hivyo hulegea upesi, na kadiri unavyoikanyaga ndivyo inavyozidi. Ivue nati, uiingize kwa vidole: ikianza laini kisha ikabana katikati ya nyuzi, bolti hiyo imenyooka, ibadilishwe.

Lakini aloi ina jambo lake. Tazama matundu ya rimu. Rimu za chuma za Toyota hutumia nati yenye mdomo wa koni. Aloi nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa, inayoingia ndani ya tundu lililonyooka. Ukitia nati ya koni kwenye tundu la washa bapa, inagusa ukingo mwembamba tu. Ukingo huo husagika, nafasi hutokea, nati hulegea. Utaona unga wa alumini mweusi kuzunguka tundu. Ukigeuza na tundu likawa limekuwa la yai, usiikaze rimu hiyo, iuze kwa wanaoyeyusha.

Tatizo jingine la mitumba ni tundu la katikati. Likiwa pana kuliko shingo ya habu, rimu haikai katikati, na ringi ya plastiki au alumini ya kujazia inahitajika. Halafu kuna uso wa rimu na uso wa habu: kutu, rangi au mchanga ukibaki kati yao, nati hukazwa juu ya takataka, takataka husagika njiani, na mkazo hupotea. Piga brashi ya waya hadi chuma kionekane. Nyuzi za bolti ziachwe kavu. Grisi hufanya mkazo uleule wa mkono uwe mkubwa zaidi kwenye bolti.

Kaza gurudumu likiwa hewani kwa mkono mtupu mpaka nati zikae, kisha lishushe liguse ardhi tu na umalizie kwa kukatiza: nati moja, halafu inayoitazama. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudia kuzikagua. Rimu mpya, hata nzuri, hukaa baada ya mwendo.

Na kwa wenye Fuso au Isuzu za zamani waliouliza jambo la karibu na hili: magurudumu ya upande wa kushoto mara nyingi yana nyuzi za kinyume na bolti zake huandikwa L. Ukilazimisha kufungua kama kawaida, unakaza.

SWALI: Land Rover yangu ya kale, Series III, ikigonga shimo barabara ya Hindi, mbele yote hutetemeka mpaka nisimame. Beringi nimezirekebisha.
Mzee wa Mokowe

JIBU: Mzee wetu, ng'ambo kisiwani Amu ungetumia punda na mambo yakaisha, lakini tukusaidie na Land Rover.

Kwanza thibitisha hizo beringi. Kipimo cha breki kinafanya kazi hata kwako mwenye breki za ngoma, kwa sababu viatu vya breki hubana ngoma na bati lililobeba viatu limefungwa kwenye nyumba ileile. Nati zake ni mbili, za boksi spana ya milimita 52, na kati yao kuna washa ya kukunjwa. Mchezo wa ndani-nje unaotakiwa ni milimita 0.10 hadi 0.15, yaani huyu, tofauti na Corolla, huachiwa nafasi kidogo. Washa ikunjwe vizuri juu ya nati zote mbili, na isitumike mara ya pili ikiwa mikunjo imechoka.

Breki ikikanyagwa na bado juu-chini pacheza, ni pini za kugeuzia zilizo juu na chini ya ule mpira mkubwa wa chuma. Mkazo wake hurekebishwa kwa kupunguza vibati vyembamba, kimoja baada ya kingine, tairodi ikiwa imefunguliwa na oil sili kubwa ikitolewa, kwa sababu sili hiyo ikiachwa itakudanganya kwa ugumu wake. Zikiwa legevu mno ndipo mtetemo wa namna yako huja: shimo moja huanzisha, na hakuna kinachouzima. Lakini usinunue vibati kabla ya kutazama viungo vyote vya usukani, bushi za springi na upepo wa matairi, maana mchezo mdogo mahali pengi hujumlishika. Pitisha kidole kwenye ule mpira wa chuma. Ukiwa na vidonda vya kutu, kila sili utakayotia itararuka, oili itavuja, na maji yataingia. Hapo dawa ni kubadilisha mpira.

SWALI: Gurudumu halichezi kabisa ila mbele panavuma nikizidisha mwendo. Ni beringi au tairi?
Msomaji, Malindi mjini

JIBU: Beringi huanza kuvuma kabla ya kucheza, kwa hivyo umeuliza mapema, vizuri. Kwenye barabara tupu iliyonyooka, peleka gari kilomita 60 hivi kwa saa, uyumbishe taratibu kushoto na kulia. Ukielekea kushoto uzito hulalia kulia. Uvumi ukipanda hapo, mshuku wa kulia. Ukielekea kulia ukapanda, wa kushoto. Uvumi usiobadilika kwa kuyumba lakini ukabadilika lami ikigeuka kuwa mbovu au laini ni wa tairi. Ukiwa na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma: kelele ikihama nayo, umepata.

Kisha inua gari, toa gia, zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika springi. Beringi iliyochimbika hupeleka mkwaruzo mpaka kwenye springi, unausikia vidoleni kabla ya masikio. Pedi nazo hukwaruza, ila sauti yao ni ya juu na huenda ikawa ya mzunguko mmoja tu.

Dalili moja ambayo wengi hawaihusishi: pedali ya breki ikizama mara ya kwanza na kusimama vizuri mara ya pili, hasa baada ya kona kali. Beringi iliyolegea huacha diski ipepesuke na kusukuma pedi nyuma, na kanyago la kwanza lote huishia kuzirudisha. Fundi atakubadilishia masta silinda, yaani pampu ya breki, kwa dalili hiyo, na tatizo lirudi nawe nyumbani.

SWALI: Beringi ya Japani iliyotumika au mpya ya bei nafuu, ipi bora?
Fundi mwanafunzi, Malindi

JIBU: Beringi iliyotumika ikishatolewa kwenye nyumba yake ni takataka, hata kama gari lilianguka likiwa na kilomita chache. Kuing'oa hupitisha nguvu kwenye mipira, na yale tuliyomwambia mama wa Watamu hutokea. Ukitaka ya mtumba, nunua nyumba nzima ikiwa na habu na beringi ndani, uizungushe dukani ukiwa umeikumbatia karibu na sikio, na uangalie kama mpira wa boljointi bado ni mzima. Kwa Corolla hilo mara nyingine hutoka nafuu kuliko beringi mpya pamoja na kazi ya presi.

Mpya, acha boksi, soma ringi. Jina na namba vichongwe kwenye chuma kwa herufi nyembamba zenye kina sawa, na namba ilingane na ya boksi. Herufi zilizopakwa wino unaofutika kwa pamba yenye petroli ni za kukataliwa. Izungushe taratibu kwa kidole: ishike kwa ulaini uleule mzunguko mzima. Ikikwama hata pamoja, mrudishie muuzaji ukiwa bado dukani.